Sura ya Saba: Saa Isiyopenda Watu Wengi

Muadhini ndiye aliyegundua kwanza, na alilisema kwa maneno ambayo mimi fundi niliyacheka. "Fundi," alisema, "saa hii haipendi watu wengi."

Tulikuwa tumesimama chini ya ubao wa nyakati za swala, ule wa tarakimu nyekundu unaotundikwa karibu na mihrabu, katika msikiti mmoja wa mtaani Tanga. Ubao ulikuwa na kila kitu ambacho mnunuzi huulizia dukani: adapta ya kuchomeka ukutani, betri ya volti 12 ya kuuwasha umeme ukikatika, na ndani kabisa kibetri cha duara, mfano wa sarafu, cha kuitunzia saa kumbukumbu hata betri kubwa ikifa. Betri mbili kwa saa moja! Ungedhani haina tena kisingizio cha kukosea.

Na siku za kawaida haikukosea. Umeme ulikatika usiku na kurudi alfajiri, ubao usitetereke. Shida ilikuwa Ijumaa, watu wakijaa. Ramadhani ilipoingia ikawa shida ya kila siku. Dakika chache kabla ya magharibi, watu wameshika tende mkononi na macho yote yako ubaoni, tarakimu zinaruka na kuandika 45:85. Saa arubaini na tano na dakika themanini na tano. Alhamdulillah, hakuna aliyepotoshwa na saa ya namna hiyo, na muadhini alikuwa na saa yake ya mkononi. Lakini ubao ulionunuliwa kwa michango ya waumini ukageuka kichekesho.

Nilifanya anachofanya kila fundi mwenye haraka: nikakilaumu kibetri. Kilikuwa cha zamani, mita ikisoma volti 2.8. Nikakitoa, nikaweka kipya cha volti 3.2, nikapanda pikipiki yangu nikaondoka. Ugonjwa ukazidi. Hapo kabla saa ilikosea mara mojamoja kwa jioni. Sasa ikawa inakosea jioni nzima.

Ilinichukua wiki nzima kukubali kwamba muadhini alikuwa sahihi neno kwa neno, na kwamba kosa langu ni kosa la karibu kila mtu anayenunua kifaa chenye betri ya akiba. Tunaamini kwamba betri ikishakuwepo, kifaa kimelindwa. Betri hukilinda kifaa dhidi ya kukosekana kwa umeme. Haikilindi dhidi ya umeme wenyewe.

Miruko na midondoko

Umeme wa nyumbani Tanzania huandikwa volti 230. Namba hiyo ni ya wastani tu. Volti za gridi hupanda na kushuka kama wimbi mara 50 kila sekunde, na kileleni hufika 325 hivi. Hilo ni wimbi la kawaida, na vifaa vimeundwa kuliogelea. Kinachoviua ni vitu viwili visivyo vya kawaida.

Cha kwanza nitakiita mruko: volti zinazopaa ghafla, pengine mara mbili au mara kumi ya kiwango chake, kwa muda mfupi kiasi kwamba taa haipati hata nafasi ya kung'aa zaidi. Mruko mwingi huisha ndani ya maikrosekunde chache, yaani sehemu chache za milioni za sekunde. Cha pili ni mdondoko: volti zinazoshuka ghafla na kurudi. Mdondoko huchukua muda mrefu kidogo, milisekunde kadhaa, ambazo ni sehemu za elfu za sekunde. Jicho halioni mruko wala mdondoko wa namna hii. Mita ya fundi haioni pia, kwa sababu mita hupima wastani mara chache tu kwa sekunde. Inafanana na mlinzi anayechungulia getini mara moja kwa saa kisha anaapa kwamba hakuna mtu aliyepita.

Kwa hiyo nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Niliazima osiloskopu, ile mashine inayochora volti kwenye kioo kadiri zinavyobadilika, nikaifunga kwenye waya wa volti 5 unaolisha ubongo wa saa, nikakaa chini ya ubao kusubiri alasiri. Watu walianza kuingia. Na kila baada ya muda mstari kwenye kioo ulizama kutoka volti 5 hadi 3.8, ukakaa huko kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha ukapanda tena.

45:85 ilikuwa inasema nini

Kabla ya kutafuta nani aliyezamisha mstari ule, ilinibidi nielewe kwa nini kuzama huko kulizaa 45:85 na si namba nyingine. Namba ya kijinga inayojirudia kila siku si bahati mbaya. Ni ushahidi.

Ndani ya ubao kulikuwa na vipande viwili vinavyozungumza. Kimoja ni kitunza saa, chipu ya DS1307 iliyoenea sana kwenye kazi za namna hii. Hicho huhesabu mitetemo 32,768 ya fuwele kwa kila sekunde, na adapta ikizimwa huendelea kuhesabu kwa kibetri cha duara, kikinywa umeme mdogo usiofika hata sehemu moja ya milioni ya ampea. Kipande cha pili ni ubongo, chipu inayokisoma kitunza saa kila mara, ikakokotoa nyakati za swala kutokana na tarehe, na kuwasha tarakimu.

Waliounda kitunza saa walijua hatari ya umeme uliolegea. Ubongo wenye njaa ya volti unaweza kuandika upuuzi kwenye kumbukumbu ya saa. Kwa hiyo waliweka mlango. Volti za umeme mkuu zikishuka chini ya mara 1.25 ya volti za kibetri, chipu hukata mazungumzo papo hapo na kujifungia. Haisomeki, haiandikiki. Ndani inaendelea kuhesabu kwa usahihi, lakini haimjibu mtu.

Sasa fanya hesabu niliyoshindwa kuifanya siku ya kwanza. Kibetri cha zamani kilikuwa na volti 2.8, zidisha kwa 1.25 upate 3.5. Mstari uliposhuka hadi 3.8 mlango ulibaki wazi, na saa ilikosea pale tu mdondoko ulipokuwa mzito zaidi. Kibetri kipya kilikuwa na volti 3.2, zidisha upate 4.0. Kwa kuweka kibetri kizima niliupandisha mstari wa kujifungia, na sasa kila mdondoko wa 3.8 ulifunga mlango. Kibetri kizuri kiliifanya saa mbaya ionekane mbaya zaidi.

Ubongo, kwa upande wake, ulikuwa bado macho. Volti 3.8 hazikutosha kuufanya ufikiri vizuri, lakini zilitosha kuufanya ujione mzima, kama mlevi anayesisitiza kwamba anaweza kuendesha gari. Uliuliza saa ngapi, haukujibiwa. Na kwenye nyaya za namna hii, kimya husomeka kama moja tupu: moja, moja, moja. Kitunza saa huandika kila tarakimu peke yake, makumi mbali na mamoja mbali. Dakika zikiwa moja tupu, makumi husomeka 7 na mamoja husomeka 15: sabini na kumi na tano, themanini na tano. Saa zikiwa moja tupu, makumi ni 3 na mamoja ni 15: arubaini na tano. Ndiyo 45:85. Ubao ulikuwa unatangaza kwa tarakimu nyekundu, mbele ya msikiti mzima, kwamba umeuliza na haukujibiwa.

Pengo la rilei

Nani basi aliyezamisha mstari? Adapta ilikuwepo, na betri ya volti 12 ilikuwepo, imejaa. Mmoja akichoka mwenzake ashike. Tatizo lilikuwa pale pa kupokezana.

Mjenzi wa ubao ule alitumia rilei, swichi inayovutwa na sumaku. Kijisaketi kidogo kiliipima adapta. Volti zake zikishuka chini ya 10, rilei iliachia mguu wa adapta na kugusa mguu wa betri. Kwa jicho la mtu ni papo kwa papo. Lakini kipande cha chuma kinachoruka kutoka mguu mmoja kwenda mwingine huchukua muda, na kikiwa hewani hakigusi popote. Kwenye kioo cha osiloskopu nilihesabu milisekunde 6 au 7. Wakati huo wote saa haikuwa na adapta wala betri.

Kinachobeba mzigo kwenye pengo kama hilo ni kapasita, ambayo tuiite mtungi mdogo wa umeme. Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kukaririwa: zidisha ukubwa wa kapasita kwa volti unazokubali kuzipoteza, kisha gawanya kwa mkondo unaotumika, unapata muda. Ubao ule ulitumia ampea 0.3. Stabilaiza yake ya 7805, inayotoa volti 5, hutaka ipewe volti 7 na nusu hivi ili ifanye kazi bila wasiwasi. Adapta ilikuwa imeshaporomoka hadi 10 kabla rilei haijageuka, kwa hiyo akiba iliyobaki ni volti 2.5 tu. Kapasita ilikuwa ya maikrofaradi 470. Ukikokotoa unapata milisekunde 4 kasoro kidogo. Pengo ni 7, mtungi unatosha 4. Zile tatu zilizobaki ndizo zilizoandika 45:85.

Kuna la kuongeza kwa wakazi wa pwani. Kapasita hizi za mtungi zina majimaji ndani, na joto huyakausha. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu. Ubao uliotundikwa juu ukutani, ndani ya boksi lisilopumua, katika joto la Tanga, una mtungi unaopungua mwaka hadi mwaka. Kifaa kilichopita majaribio dukani kinaweza kushindwa mwaka wa tatu bila kitu chochote kukatika.

Pampu ya udhu

Limebaki swali la muadhini: kwa nini watu wengi?

Jibu lilikuwa nyuma ya ukuta. Pampu ya maji ya udhu ilichomekwa kwenye waya wa kuongezea uleule uliolisha ubao, waya mrefu na mwembamba. Watu wawili watatu wakitawadha, tangi linatosha na pampu inalala. Watu mia wakitawadha pamoja kabla ya magharibi, pampu huwaka na kuzima, huwaka na kuzima. Mota inapoanza kuzunguka kutoka kusimama hunywa mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Waya mwembamba haukuweza kuupitisha bila volti kuporomoka mwishoni mwake. Adapta ya ubao ilikuwa ile nzito ya transfoma, ambayo kinachoingia kikipungua, kinachotoka hupungua vilevile. Ikashuka chini ya 10, rilei ikageuka, pengo likafunguka, mlango wa kitunza saa ukafungwa. Saa haikupenda watu wengi kwa sababu watu wengi hutawadha.

Pampu ilikuwa na dhambi ya pili, nayo ni mruko. Nyaya zilizosokotwa ndani ya mota hupenda mkondo uendelee. Ukiukata ghafla, koili hupandisha volti zake yenyewe, hata kufika mamia, ili mkondo upite kwa nguvu hata kama njia imekatwa. Ndiyo ile cheche inayoonekana swichini. Jambo hili ni la siku nyingi. Mmarekani Joseph Henry aliandika habari zake mwaka 1832, na miaka miwili baadaye bwana mmoja, William Jenkin, alimweleza Michael Faraday huko Uingereza kwamba alipigwa na umeme aliposhika ncha za waya wa sumaku na kuukata, ingawa betri yake ilikuwa dhaifu kiasi kwamba peke yake isingemshtua mtu. Pigo lilitoka kwenye koili, si kwenye betri. Kila pampu, friji, feni na rilei nyumbani kwako humfanyia jirani yake kile koili ilichomfanyia Jenkin.

Kuta nne

Ukiwa na adui wa namna hii usitafute dawa moja kubwa. Jenga kuta kadhaa ndogo, kila mmoja ukipunguza pigo hadi kiasi ambacho unaofuata unaweza kukimudu. Nilizozijenga msikitini ni nne, na mpangilio wake una maana kuliko bei yake.

Ukuta wa kwanza ni kumtuliza mpiga kelele. Pampu niliiondoa kwenye waya wa ubao, nikaivutia waya wake mnene kutoka kwenye ubao wa breka. Kwenye swichi yake nikafunga rezista ya omu 100 na kapasita ya nanofaradi 100 zilizoungana kwa mfululizo, kapasita ikiwa ile maalumu ya umeme wa gridi, yenye alama X2. Hizo hula cheche kabla haijasafiri. Kwa koili za volti ndogo, kama za rilei, dawa ni nyepesi zaidi: dayodi moja ya 1N4007 sambamba na koili, ule mstari mweupe ukielekea upande wa chanya. Ukiigeuza umepiga shoti, kwa hiyo tazama mara mbili. Nusu ya kazi yote ya sura hii imo katika ukuta huu wa kwanza, na ndio unaorukwa mara nyingi, kwa sababu mgonjwa ni saa na fundi ameitiwa saa.

Ukuta wa pili uko pale umeme unapoingia: fyuzi, kisha varista. Varista ni kidonge, mara nyingi cha rangi ya buluu, kilichotengenezwa kwa oksidi ya zinki. Mjapani Michio Matsuoka wa kampuni ya Matsushita alichapisha habari zake mwaka 1971, na leo kimo karibu ndani ya kila soketi inayojiita ya kulinda vifaa. Kwenye volti za kawaida hakipitishi kitu. Kile kilichoandikwa volti 275 huanza kufunguka kwenye 430 hivi, juu kidogo ya kilele cha 325, na kuumwaga mruko pembeni. Lakini varista huzeeka. Kila pigo kubwa humega uhai wake, na ikizeeka inaweza kupata moto yenyewe. Ndiyo maana fyuzi hutangulia mbele yake. Soketi ya kulinda vifaa iliyopita misimu kadhaa ya radi inaweza kuwa imebaki soketi tu.

Ukuta wa tatu ni wa kupokezana. Rilei niliitupa, nikaweka dayodi mbili za Schottky, zinazopoteza volti chache kuliko dayodi za kawaida. Moja hutoka kwenye adapta, nyingine hutoka kwenye betri, zote zinakutana kwenye mzigo. Dayodi ni mlango wa njia moja: mwenye volti nyingi ndiye anayelisha, na akichoka mwenzake anakuwa tayari yupo mlangoni. Hakuna kinachoruka hewani, kwa hiyo hakuna pengo. Sharti moja: adapta iwe juu ya betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutunzwa kwenye chaja husimama karibu na 13.7. Ukiacha adapta ya volti 12, betri ndiyo itakayolisha saa kila siku na adapta itabaki mtazamaji. Niliweka adapta ya 15, na chaja ya betri nikaipanga 13.7. Hapohapo nikafunga kapasita ya maikrofaradi 2,200. Rudia hesabu ya juu kwa akiba ileile ya volti 2.5: milisekunde 18. Pengo halipo tena, lakini mtungi umejaa.

Kwenye mstari huohuo niliweka dayodi ya kukata miruko, inayouzwa kwa herufi TVS. Niliyotumia ni 1.5KE18A. Kwenye volti 15 imelala. Zikipita 17 huamka, na hata ikipigwa pigo kubwa kabisa inaloruhusiwa kulibeba, volti hazipiti 25 na kidogo. Hapa ndipo namba zinapopaswa kushikana mikono: adapta hutoa 15, mkataji huanza 17, huishia 25, na 7805 iliyo nyuma yake huvumilia hadi 35. Kila ukuta umeanza kazi kabla unaofuata haujaumia. Ukinunua vipande vizuri bila kuzipanga namba hizi, una duka la vipuri, huna kinga.

Ukuta wa nne uko miguuni mwa chipu yenyewe. Kila chipu ilipata kapasita ndogo ya nanofaradi 100, karibu iwezekanavyo na miguu yake ya umeme. Ukaribu huo si urembo. Waya wa mita moja huwa na tabia ya koili ya maikrohenri moja hivi, na ukiukatia ampea 10 ndani ya maikrosekunde moja, waya huo mtupu huzalisha volti 10. Kapasita iliyo mbali ni ndoo ya maji iliyoachwa nyumba ya pili wakati moto uko hapa.

Kisha nikaufundisha ubongo adabu. Aina nyingi za chipu hizi zina kidhibiti cha njaa: ukikiwasha, ubongo hujizima wenyewe volti zikishuka chini ya kiwango ulichochagua, na huamka upya zikirejea. Mjenzi alikiacha kimezimwa. Nilikiweka kwenye 4.3. Kitunza saa hujifungia kwenye 4.0, kwa hiyo sasa ubongo hulala kabla mlango haujafungwa, na hauulizi swali lisilo na wa kulijibu. Mwisho niliongeza mistari miwili ya programu: saa ikizidi 23 au dakika zikizidi 59, usiandike ubaoni, subiri sekunde moja, uliza tena. Mtoto wa darasa la kwanza angeikataa 45:85. Mashine haikatai mpaka iambiwe.

Nje ya msikiti

Kanuni hizi hazikai msikitini. Kwenye mfumo wa sola, betri ndiyo inayoishika paneli chini. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa 21 au 22 juani ikiwa haijafungwa mzigo. Ukiichomoa betri wakati paneli bado imeungwa, kuna vidhibiti vya chaji vinavyoziachia volti hizo zifike kwenye taa na redio. Kwa hiyo unapofunga: betri kwanza, paneli baadaye. Unapofungua: paneli kwanza, betri mwisho. Andika maneno hayo kwa wino usiofutika juu ya boksi la betri.

Kwenye gari ni hatari zaidi. Kichwa cha betri kikilegea na kuachia wakati injini inaunguruma na betri inachajiwa kwa nguvu, oltaneta haiwezi kujirudi papo hapo. Viwango vya kimataifa vya majaribio ya magari ya volti 12 huuhesabu mruko huo kuwa kati ya volti 79 na 101, ukidumu hadi milisekunde 400. Hiyo ni karibu nusu sekunde, mruko mnene kuliko yote tuliyoyataja. Fundi anayechomoa betri injini ikiwaka ili "kupima oltaneta" anapima bahati ya mwenye gari.

Radi nayo ina hukumu yake. Miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani ni milima ya mashariki ya Kongo, na ukanda wa Ziwa Victoria hauko mbali nayo kwa ngurumo. Pigo la kawaida hubeba ampea 30,000 hivi. Kuta zangu nne hupunguza makali ya radi iliyopiga mbali na kuja na waya. Ile inayopiga nguzo ya jirani hazitaizuia. Mawingu yakikusanyika, chomoa. Betri itakaa zamu, hiyo ndiyo kazi iliyoajiriwa kuifanya.

Jaribu kwa mzigo

Nakuachia jaribio moja, ewe msomaji, usimlipe fundi kabla hujalifanya. Watu hupima kifaa chenye betri ya akiba kwa kuzima swichi usiku, nyumba imetulia, kisha wakaridhika kwamba taa yake haikuzimika. Huko ni kupima boti ikiwa nchi kavu. Washa kila kitu kizito: pampu, friji, pasi. Pampu iwashe na kuizima mara kumi huku unakitazama kifaa. Kisha zima meini swichi pampu ikiwa inazunguka, hesabu hadi ishirini, washa tena. Betri kubwa nayo usiipime ikiwa imekaa bure. Betri iliyozeeka husoma 12.6 kwenye mita vizuri tu, halafu ukiifunga taa ya gari kwa dakika chache huporomoka hadi 9.

Na ukiambiwa dalili na mtu anayekaa na kifaa kila siku, usicheke. Muadhini hakuwa na osiloskopu wala hakujua volti ni nini, lakini alikuwa amehudhuria kila hitilafu, nami nilikuwa sijahudhuria hata moja. Alinipa jibu zima siku ya kwanza, nikaenda kununua kibetri.

Kibetri kile kipya bado kimo ndani ya saa. Hakikuwa na kosa lolote.